Mwaka wa Kuvezi Iliyosahau

Mama Feza tulimzika Kabambare mwezi uliopita, mchana wa jua kali, na baada ya mazishi nikajikuta nimeketi mkeka mmoja na Dido, ambaye sikuwa nimemwona tangu alipohamia Kindu na familia yake. Ndevu zake zimeingia mvi na mimi nimenenepa. Wanawake walikuwa wanapita na sahani za wali na sombe, yaani kisamvu, mawese yakielea juu, na tulikula kwa mkono bila haraka, kama watu walivyo matangani jua linapokuwa kali. Binti mmoja wa ukoo wa marehemu akatuuliza tulimfahamu kwa njia gani, maana hatukuwa ndugu wala majirani. Dido akasema kwamba tuliwahi kufanya kazi naye mwaka fulani, zamani, na yule binti akaridhika akaenda zake. Mimi sikuridhika. Njia nzima ya kurudi Kasongo, nimepakiwa nyuma ya pikipiki, nilikuwa naurudia mwaka ule kichwani, na kila nilipofika mwisho wake nilishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo, ingawa mambo yenyewe yalikwisha wakati nikiwa msichana.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nilikuwa nimerudi kutoka Bukavu na cheti cha elektroniki ambacho hakuna mtu Kasongo aliyejua akifanyie nini, isipokuwa Dido. Yeye alikuwa na karakana nyuma ya soko, chumba kirefu kilichowahi kuwa ghala la mchele, na hata baada ya miaka mingi ukiegemea ukuta ulitoka na pumba mgongoni. Alitengeneza redio, simu, na zile sola za kuwasha taa mbili tatu nyumbani. Mikono yake ilikuwa mizuri kwa nyaya na bati. Mimi nilijua kuandika programu, yaani yale maagizo yanayoiambia chipu, ule ubongo mdogo wa mashine, ifanye nini na lini. Nilimwita yaya, kama tunavyowaita wakubwa wetu, naye aliniita Riziki tu, bila mbwembwe. Kazi za chipu zilikuwa chache mno. Siku nyingi nilikaa pembeni nikifungua simu zilizoingia maji, na saa sita mke wake, Mama Ester, alituletea wali na maharage kwenye sufuria yenye kifuniko kilichopinda, tukala wote watatu juu ya meza ileile ya kazi baada ya kusukuma bisibisi upande. Mama Ester alipenda kuniuliza nitaolewa lini au nitarudi Bukavu lini, moja kati ya hayo mawili, na mimi nilijibu kwamba sijui. Kwa kweli nilikuwa nimeshaamua. Msimu wa mvua ukiisha ningerudi Bukavu, nitafute kazi ya dukani, ya kuuza simu badala ya kuzifungua.

Mvua zilikuwa bado hazijakolea siku Mama Feza alipoingia karakanani. Nilimwona kwanza kama umbo kubwa mlangoni, kitambaa cha kichwa kimelowa, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Alikuwa mkuu wa wakunga kwenye hospitali ya Kabambare, na alikuja Kasongo kuchukua dawa. Aliketi kwenye debe, akakubali maji, akayanywa yote, ndipo akaeleza. Katika wodi yake ya uzazi kulikuwa na kuvezi, lile sanduku la kuwatunzia joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Lilikuwa la mbao na kioo, limetengenezwa na kikundi cha wanafunzi wa ufundi ambao baadaye walitawanyika kila mmoja na njia yake, na lilikuwa zawadi. Lilipashwa na taa ndogo zilizokula umeme wa betri ya sola. Mkunga alibonyeza vitufe kuweka joto analotaka kwa mtoto yule aliye ndani, na mashine yenyewe ikawasha na kuzima taa ili joto lisipande wala kushuka. Ilikuwa imefanya kazi vizuri miezi kadhaa. Kisha hospitali ikapata jenereta kubwa zaidi, gurupu kama tunavyoita sisi, kwa ajili ya chumba cha upasuaji kilicho pembeni ya wodi. Tangu hapo mambo yakaharibika.

"Ile mashine iko inasahau," alisema. "Asubuhi naiambia kitu moja, muchana nakuta iko na kitu ingine."

Akaeleza kwamba siku moja alimshika mtoto tumbo akalikuta la moto, taa zote zinawaka, na namba aliyoiweka haipo tena. Mahali pake kuna namba nyingine ambayo hakuna mtu aliyeibonyeza. Alimtoa mtoto, akamweka kifuani kwa mama yake, na mtoto akapona. Lakini si kila mama anaweza kumbeba mtoto kifuani mchana na usiku, alisema, na si kila mama anabaki na nguvu. Tangu siku ile kuvezi ilikuwa imefunikwa shuka. Alichotaka kujua kilikuwa kitu kimoja tu: inatengenezeka, au aifanye kabati la nguo za watoto? Dido aliniangalia. Nilisema inabidi niione. Nakumbuka nilisema hivyo kwa upole, kama mtu anayekataa kwa adabu, maana sikufikiri kwamba kuna mtu angenipeleka Kabambare msimu ule. Mama Feza akasimama, akavaa viatu vyake, akasema tutaondoka kesho.

Barabara ya Kabambare wanaoijua wanaijua. Tulikuwa na pikipiki mbili, Mama Feza kwenye moja na dawa zake, mimi na Dido kwenye nyingine na sanduku la vyombo katikati yetu, na mahali pengi tulishuka tukaisukuma. Tulipofika, tulipewa chumba nyuma ya wodi ya uzazi ambacho ndani yake kulikuwa na vitanda viwili vya chuma visivyo na godoro, mapipa, chandarua kilichochanika na meza ya zamani ya kuzalishia. Meza ile ndiyo niliyoweka kompyuta yangu. Dido alipata pa kulala kwa mtaalamu wa maabara, mimi nikabaki pale na mmoja wa wakunga. Ukuta uliotutenganisha na wodi ulikuwa wa matofali mabichi na juu yake uwazi mpana, kwa hiyo kila kilichosemwa upande ule kilifika upande huu. Huko waliishi wanawake waliotoka vijiji vya mbali wakisubiri siku zao za kujifungua, na mazungumzo yao yakawa redio yangu. Walibishana majina. Walibishana kama muhogo wa mji mdogo wa Wamaza ni mtamu kuliko wa huku. Mmoja alisema kila jioni kwamba mume wake atakuja kesho, na wenzake walimjibu kwa upole kwamba ndiyo, kesho. Mimi nilikuwa naandika na kufuta, nikiwasikiliza, na jioni Mama Feza alileta ugali na samaki wa kukaushwa waliotoka Nyangwe, akakaa juu ya pipa akinitazama nikila mpaka nimalize.

Kosa lenyewe niliona mapema linatokea vipi. Tulitandua shuka, tukaiwasha kuvezi ikiwa na chupa za maji ya vuguvugu mahali pa mtoto, na Dido akamwomba fundi wa gurupu aiwashe. Gurupu ilipokohoa na kushika, kioo cha namba, kile kidogo kinachoonyesha joto lililowekwa, kikafifia, kikazima, kikawaka tena, na hapo namba ya Mama Feza ikawa imekwenda na taa zote zikawaka kwa pamoja. Ndani ya chipu, kama katika chipu nyingi, kuna kitu ambacho mafundi wanakiita mbwa mlinzi. Ni saa inayohesabu kurudi nyuma, na programu inatakiwa kuigusa kila mara kuonyesha kwamba bado iko kazini. Programu ikikwama, hakuna wa kuigusa. Saa inafika mwisho na kuilazimisha chipu ianze upya tangu mwanzo. Ni kitu chema. Bila yeye programu ingekwama taa zikiwa zimewaka, na zingewaka mpaka mtu aje. Mshtuko wa gurupu uliikwamisha programu, mbwa akafanya kazi yake, chipu ikaanza upya. Shida ilikuwa kinachofuata. Ikianza upya, programu ya wale wanafunzi iliamini kwamba sanduku ni tupu na baridi, ikaanza kulipasha kwa nguvu zote kwa muda uliopangwa, bila kuuliza. Na namba zote zilizokuwa kwenye kumbukumbu yake, joto lililowekwa na mkunga, hatua iliyofikiwa, taa zipi zinawaka, zilikuwa zimerudi kwenye thamani za mwanzo.

Nilichojua mimi, na nilichofundishwa, ni kwamba kuanza upya ni kusahau. Nilimwambia Dido hivyo tukiwa kibarazani tunakula karanga. Nikamwambia kwamba kuna kumbukumbu nyingine ndani ya chipu, ile isiyofutika hata umeme ukikatika, lakini ile inachakaa ukiiandikia kila wakati, na hali ya taa inabadilika kila wakati. Dido si mtu wa programu, ila alikuwa anapenda kuuliza mpaka aelewe, na aliniuliza kama siku ile, gurupu ilipowaka, betri ya kuvezi ilikatika. Nikasema haikukatika, ilitikisika tu. Basi umeme ulikuwepo muda wote, akasema. Nikasema ndiyo. Akaendelea kula karanga zake. Mimi nikaacha zangu nikarudi chumbani.

Ilinichukua siku nzima kuhakikisha kile ambacho wakati ule kilianza kunijia. Umeme haukukatika, kwa hiyo kumbukumbu ya chipu haikupoteza kitu chochote. Namba ya Mama Feza ilikuwa bado mahali pake baada ya mbwa mlinzi kuuma. Aliyeifuta ni programu yenyewe: kabla ya agizo la kwanza tunaloandika sisi watu wa programu, kuna sehemu fupi inayoandaliwa na kompyuta, isiyoonekana, ambayo kazi yake ni kupita kote kwenye kumbukumbu na kuweka sifuri na thamani za mwanzo. Inafagia nyumba bila kuangalia kilicho sakafuni. Na kulikuwa na njia ya kuiambia isiguse kona fulani. Nilivihamisha vigeu vitatu, yaani yale masanduku madogo ambamo programu inaweka namba zake, nikaviweka katika kona ile isiyofagiwa. Kisha nikaikwamisha programu kwa makusudi. Kioo kikazima, kikawaka, na namba ilikuwepo. Nikairudia tena na tena na kila mara ilikuwepo. Upande wa pili wa ukuta wanawake walikuwa wanacheka jambo lao, na mimi nikacheka nao peke yangu, bila kujua wanacheka nini.

Asubuhi yake niliwaita Mama Feza na Dido waone. Iliwapendeza. Dido, kwa kutaka kuona kila kitu, akachomoa waya wa betri kabisa, akasubiri kidogo, akaurudisha. Kioo kikaandika joto ambalo hakuna jiko linalolifikia, na taa zikawaka zote kulitafuta. Dido akachomoa tena haraka. Nilielewa mara moja: umeme ukikatika kwelikweli, kona ile isiyofagiwa inabaki na takataka, namba zozote zile, na programu yangu ilikuwa imezisoma kama maneno ya mkunga. Nilijaribu kueleza. Mama Feza alifunga kifuniko cha kuvezi polepole, akaweka kiganja juu yake.

"Kama haina hakika, ilie," akasema. "Iite mutu. Isijifanye inajua."

Sentensi ile ndiyo niliyoiandika kwa lugha ya chipu katika siku zilizofuata, na miaka yote hii, ninapowafundisha vijana kazi hii katika karakana ambayo sasa ni yangu, ndiyo ninayoanza nayo. Kila inapoamka, programu iiulize chipu kwanza: umeamshwa na nini, umeme uliokatika au mbwa mlinzi? Kama ni umeme, usiamini chochote. Zima taa, piga kengele, subiri mkunga. Kama ni mbwa, angalia kona yako. Kila namba niliiandika mara mbili, ya pili ikiwa imegeuzwa, ili zikilinganishwa na zisipokubaliana ijulikane kwamba kuna kilichoharibika. Hata zikikubaliana, ziwe ndani ya mipaka ambayo mtoto anaweza kuivumilia. Na katika kona ile niliweka kigeu cha nne, cha kuhesabu mbwa ameuma mara ngapi, ili akiuma mfululizo mashine iache kujaribu na ianze kulia. Ni mambo madogo. Kila moja niliandika nikiwa naona tumbo la mtoto mwenye joto kali ambaye sikuwahi kumwona.

Siku niliyomaliza, mchana, nilimsikia daktari wa hospitali upande wa pili wa ukuta. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, mwenye haki katika mambo yake, na wanawake wodini walinyamaza alipoingia, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Mama Feza, mimi sikatai mashine," alisema. "Nakataa mashine inayoongopa. Kesho waipeleke Kasongo."

Mama Feza akajibu kwamba kesho ni sawa, lakini leo bado haijaisha.

Sikumlaumu daktari wakati ule, na leo simlaumu hata kidogo. Lakini nilianza kukusanya nyaya zangu, na moyoni nilikuwa tayari kwenye basi la Bukavu. Ndipo tuliposikia pikipiki uani. Ilikuwa imembeba mwanamke kutoka Wamaza, amekaa katikati ya dereva na wifi yake ili asianguke, kanga yake imeloa damu. Jina lake Zawadi. Ujauzito wake ulikuwa haujatimia. Walimwingiza upasuaji moja kwa moja, gurupu ikawashwa, na sisi tukabaki kibarazani na yule wifi, ambaye alikuwa anakohoa kikohozi kizito na kufuta machozi kwa mkono uleule. Mtoto alitoka hai, wa kike, mdogo mno. Zawadi alikuwa amepoteza damu nyingi na homa ilimpanda; hakuweza kushika kitu. Wifi, kwa kikohozi kile, Mama Feza hakumruhusu hata kusogea. Kwa hiyo Mama Feza alifungua blauzi yake mwenyewe, akamweka mtoto kifuani, akajifunga kanga juu yake, na kuendelea na kazi. Nilimwona akitembea wodini hivyo, amenyooka kama mtu aliyebeba maji, na katika kitanda cha pembeni mwanamke mwingine alikuwa ameanza kusukuma na kumwita kwa jina.

Daktari alitoka upasuaji bado na kofia yake. Alimwangalia Mama Feza, akamwangalia yule anayesukuma, kisha akaja mpaka mlango wa chumba changu. Aliniuliza kama iko tayari. Nilimwambia ukweli: imeandikwa yote, nimeijaribu kwa kuikwamisha mwenyewe, lakini haijakutana na gurupu. Alifikiri kidogo tu. Akasema basi ikutane nayo sasa, na akatoka yeye mwenyewe kwenda kwa fundi wa gurupu.

Dido aliweka chupa ndani, mimi nikaweka joto alilolitaja Mama Feza kutoka kule alikokuwa amepiga magoti kando ya yule anayesukuma. Gurupu, iliyokuwa imezimwa baada ya upasuaji, ikawashwa, hakuna kilichotokea. Ikazimwa, ikawashwa tena, hakuna. Nilianza kutamani ianguke, ili nijue. Mara ya tatu kioo kikafifia kikazima, na katika muda ule mfupi nilisikia mwanamke upande wa pili akitoa sauti ndefu, kisha kilio cha mtoto mwingine, mwenye afya, mkali. Kioo kikawaka. Namba ilikuwepo. Taa mbili zilizokuwa zinawaka ziliendelea kuwaka, zile nyingine hazikuguswa. Daktari, aliyekuwa amerudi na kusimama nyuma yangu, akaomba tuchomoe betri. Dido akachomoa, akarudisha, na kuvezi ikaanza kulia kengele yake nyembamba, taa zote giza, ikingoja mtu. Daktari aliisikiliza ikilia. Akasema mtoto aingie, ila asibaki bila mtu pembeni yake hata kidogo, na mashine ibaki Kabambare. Mama Feza alikuja akinawa mikono, akafungua kanga, na kumlaza mtoto wa Zawadi mahali pa chupa. Alibaki ameinama pale kwa muda. Kisha akajinyoosha, akashika kiuno, akasema anaomba chai.

Kwa bahati hakukuwa na upasuaji siku mbili zilizofuata. Tulikaa zamu na wakunga kando ya kuvezi, na kazi yetu ilikuwa kuangalia namba na kumshika mtoto tumbo. Lilikuwa vuguvugu kila nilipoligusa. Dido alitumia muda ule kugundua kwamba waya wa kipima joto ulipita ukutani ubavuni mwa waya mnene wa gurupu, akataka kuuhamisha papo hapo. Mama Feza akamwambia asiguse kitu mtoto akiwa ndani, na akakubali kungoja. Wanawake wa upande ule walianza kuja mmoja mmoja, matumbo mbele, kumchungulia mtoto kupitia ukuta wa kioo. Yule ambaye mume wake angekuja kesho aliuliza kama mtoto anasikia maneno kule ndani. Nikamwambia nadhani anasikia, na tangu hapo akawa anakuja kumsalimia asubuhi na jioni. Wifi wa Zawadi alipewa dawa na kulala kibarazani, na alinipikia muhogo na kunitazama nikila, kama Mama Feza.

Siku ya tatu homa ya Zawadi ilishuka, akaomba kumwona mwanawe. Mama Feza na mkunga mwingine walimshika huku na huku, wakamtembeza hatua kwa hatua kutoka kitandani mpaka kwenye kuvezi, wakamkalisha kwenye kiti. Alikuwa mwembamba, midomo imekauka, na nywele zake wifi alikuwa amezisuka upya asubuhi ileile kwa ajili ya safari hiyo fupi. Mama Feza alifungua kidirisha cha pembeni, akamwelekeza pa kuingiza mkono. Zawadi akauingiza. Kidole chake kikagusa kiganja cha mtoto, na kile kiganja kikafumba.

Wakati ule uani walikuwa wanataka kutakasa vyombo vya upasuaji kwa joto, na hakuna aliyekumbuka kutuambia. Gurupu ikakohoa ikashika. Kioo cha namba kikafifia, kikazima. Dido alikuwa mlangoni, akasimama palepale. Mama Feza alikuwa nyuma ya kiti cha Zawadi, na macho yake yakaenda kwenye kioo kama yangu, naye hakupumua, na mimi sikupumua. Kikawaka. Namba yake, ileile. Taa mbili, zilezile. Niliona mabega ya Mama Feza yanashuka, yakaendelea kushuka, mpaka akaegemea ukuta kwa uzito wake wote. Dido alitoka nje, nikasikia anacheka peke yake uani. Mimi machozi yalinitoka, nikayaacha.

Zawadi hakuwa ameona chochote. Alikuwa ameinamisha kichwa karibu na ukuta wa kioo wa sanduku, mkono ndani, anamtazama mtoto aliyekishikilia kidole chake, na baada ya muda akauliza, kwa sauti ndogo ya mtu aliyetoka kuugua, kama sisi tunaona pua hii ni ya baba yake. Mama Feza alijipangusa uso kwa kanga, akasogea, akainama pembeni yake kuangalia vizuri.

"Iko ya kwako," akasema. "Angalia muzuri. Iko ya kwako kabisa."